Sumaku ya Chumba cha Pamba

Mara ya kwanza mlango ulipojifungua, wanawake kumi na mmoja waliokuwa ndani walidhani msimamizi ameingia. Wakainamisha vichwa na kuongeza kasi ya mikono. Hakuingia mtu. Mlango ule wa chuma ulibaki wazi ukiyumba kidogo, na nje yake uwanja wa kiwanda ulikuwa umelala kwenye jua la saa saba, malori yamezimwa, watu wamekwenda kula. Ndipo ikaja harufu. Haikuwa kali. Ilikuwa kama ya nguo iliyosahauliwa chini ya pasi.

Jenifer, mdogo kuliko wote mle ndani, aliinuka akauvuta mlango. Sumaku ikaunasa: tak.

"Nani kafungua?" Violeth aliuliza.

Waliendelea kuchagua pamba, wakitoa majani na nyuzi zenye madoa kabla haijapelekwa kushindiliwa kuwa marobota. Lakini tangu hapo kila mmoja alifanya kazi akiwa ameuelekea mlango.

Jioni Jenifer alimsimulia shemeji yake, Luhende Mayige, mume wa dada yake, ambaye ndiye aliyemhifadhi kwake pale Bariadi mjini. Luhende alikuwa fundi wa umeme, na ndiye aliyelifunga lile kufuli la sumaku wiki mbili nyuma.

"Labda umeme ulikatika," alisema.

"Feni zilikuwa zinazunguka, shemeji."

Luhende aliisogeza sahani pembeni. Kufuli lile alilijua. Sumaku iko juu ya fremu, bamba la chuma liko kwenye mlango, na umeme ukipita hushikana kwa nguvu ya kilo mia mbili na themanini. Wanaume wanne hawautoi. Haliachii mpaka umeme ukatwe.

Lilikuwapo jingine lililomkaa rohoni. Siku ya kulifunga alimwambia meneja wa kiwanda, Kasmiri Ngassa, kwamba ndani lazima kuwe na kitufe cha kutokea.

"Aliye ndani asihitaji kadi wala ufunguo, bosi. Na hapa ukutani tuweke kile kisanduku cha kijani. Mtu akikibonyeza, umeme wa sumaku unakatika palepale. Halafu tuiunge na kengele ya moto, ikilia tu, mlango uachie. Ndivyo sheria inavyotaka."

Kasmiri alikuwa mtu wa sauti ya chini, mzee wa kanisa, hakuwahi kumfokea mtu. "Fundi," alisema kwa upole, "nikiwawekea kitufe ndani, kadi ni ya nini? Hawa wanatoka kila dakika. Mara maji, mara simu. Wewe nifungie kama nilivyosema."

Luhende akafunga kama alivyoambiwa. Anayetaka kutoka angemwita msimamizi mwenye kadi, naye angemfungulia. Alijipa moyo kwamba umeme ukikatika, sumaku itaachia tu.

Mlango ulijifungua tena Alhamisi, na Ijumaa, na Jumatatu. Daima saa saba. Jumanne Luhende aliitwa.

Alifika saa sita na nusu. Kwenye kivuli cha ukuta alimkuta mama mzee akifagia, Milembe, aliyekuwa hapo kiwandani tangu enzi za mwenye kiwanda wa zamani.

"Mwangaluka, mayu," Luhende alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, baba." Akautazama mkoba wake wa vifaa. "Umekuja kumzuia?"

"Kumzuia nani?"

Mzee akaendelea kufagia.

Ndani, Luhende alipanda ngazi akapima nyaya. Kila kitu kilikuwa sawa. Alipogusa bamba la mlangoni aliurudisha mkono haraka, maana lilikuwa la moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Kwenye rangi nyeupe ya mlango, upande wa ndani, palikuwa na alama ya masizi: kiganja, na vidole vitano vilivyotanuka.

"Hiki ni cha nani?" aliuliza.

Wanawake walitazamana. "Tunakifuta kila siku," Jenifer alinong'ona. "Kinarudi."

Nje honi ya chakula ikalia, mashine zikazimwa moja baada ya nyingine, na katika ule ukimya Luhende, akiwa bado juu ya ngazi, akaisikia harufu ikipanda kutoka sakafuni, kwanza ile ya pasi, kisha nzito zaidi, ya pamba inayoungua taratibu tumboni mwa robota bila kutoa mwali, na chini ya hiyo nyingine aliyoikataa akilini, harufu ya nywele. Halafu mlango, uliokuwa hatua moja kutoka usoni pake, ukaanza kugongwa kutoka upande huuhuu wa ndani waliokuwapo wao, kwa kiganja kitupu, pole pole, kisha haraka, kisha kwa viganja viwili, na yeye akiangalia kwa macho yake akaiona rangi ikibonyea pasipo mkono, mpaka sumaku ikaachia, mlango ukafunguka wote, na joto la mtu anayekimbia likampita begani likatoka uwanjani.

Taa nyekundu ya sumaku ilikuwa bado inawaka. Umeme haukuwa umekatika hata nukta moja.

Luhende alishuka, akakaa sakafuni. Milembe aliingia na ufagio wake, akamwinamia sikioni.

"Huyo ni Ng'washi," alisema. "Tulikuwa wasichana pamoja. Wakati huo hapa palikuwa stoo ya marobota, na msimamizi alikuwa akifunga kwa kufuli la kawaida saa ya chakula, ili wa ndani wasitoroke kabla ya zamu kwisha. Siku ile Ng'washi alikuwa amelala nyuma ya marobota, ana mimba changa. Moto ukaanza humohumo. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kula."

"Nanyi?"

"Sisi wengine tulikuwa tumeitwa nje. Tulimsikia akigonga mpaka alipoacha." Mzee alijifuta mdomo kwa khanga. "Miaka yote hii chumba hakikufungwa na watu ndani, naye alitulia. Wewe umekuja, umefunga."

"Anataka nini, mayu?"

"Anafungua tu, baba. Hajawahi kufanya kingine."

Kasmiri alipopewa habari hizi alizisikiliza hadi mwisho, kisha akasema tatizo ni umeme wa Bariadi unaopanda na kushuka, na pia wanawake wamejifunza kuchokonoa nyaya. Aliagiza mambo mawili. Iwekwe betri ya akiba, umeme wa gridi ukatike usikatike, mlango ushike. Nyaya zipitishwe ndani ya bomba la chuma, asizifikie mtu. Betri ikae ofisini kwake, na ufunguo wa ofisi aubebe yeye.

Luhende alijua maana ya hayo. Hapo mwanzo, moto ungekata umeme na mlango ungeachia. Sasa usingeachia. Alifungua kinywa aseme, akamwona meneja anatazama saa, akafunga kinywa. Kazi aliifanya vizuri. Bomba lile hata nyundo isingelipasua.

Ng'washi hakujali betri wala bomba. Aliendelea kufungua, ila sasa kwa hasira, kama mtu ambaye kazi yake imeongezwa. Mlango ulikuwa ukibamizwa ukutani mpaka plasta ikadondoka. Siku moja Violeth alikuwa amesimama karibu mno, akasukumwa, akaanguka. Walipomwinua, mkononi alikuwa na malengelenge matano yaliyopangana kama vidole. Kesho yake wanawake walikaa nje ya geti, wakakataa kuingia.

Ndipo Kasmiri, mzee wa kanisa, akamtafuta mganga.

Alikuja Jumapili mchana, kiwanda kikiwa kitupu. Aliitwa Mayu Generoza, nfumu wa upande wa Kasoli, mama mnene mwenye rozari shingoni na usinga wa mkia wa ng'ombe kwapani. Hakuwasha chochote, kwa sababu ya pamba. Aliomba chungu cha maji na unga wa mtama, akakaa kizingitini, akafumba macho muda mrefu. Luhende, aliyeitwa awepo kwa ajili ya mlango, alisimama nyuma yake akisikia harufu ile ikija na kuondoka kama pumzi.

"Yupo," Generoza alisema. "Mwanamke. Ana wasiwasi sana huyu. Bwana meneja, unajua anafanya nini hapa?"

"Anatisha watu. Amemchoma mmoja."

"Alikuwa anamtoa nje yule. Alimshika mkono." Akageuka kumwangalia. "Mimi naweza kumwondoa. Hana nguvu ya kunishinda, ni marehemu mpole tu. Nakuuliza kabla sijaanza: unataka aondoke?"

"Nataka watu wangu wafanye kazi kwa amani."

Generoza akamtazama Luhende. "Na wewe fundi?"

Luhende alihisi jibu limefika kooni. Kasmiri naye alikuwa akimwangalia kwa ule upole wake. "Mimi ni fundi tu, mayu," alisema.

Generoza aliupiga mlango kwa usinga mara saba, akamwaga maji kutoka ndani kwenda nje, akaita jina la Ng'washi na jina la baba yake, akachora mstari wa unga ndani ya kizingiti, chini ya mlango, na kukongomea msumari mrefu katikati yake. Upepo mdogo ulivuka uwanja ukaelekea mashambani. Luhende alidhani amesikia mtu akilia, lakini huenda ilikuwa bawaba.

"Ametoka," Generoza alisema akikusanya vitu vyake. "Hawezi kuvuka tena huu mstari. Kuanzia leo mlango ni wenu wenyewe."

Wanawake walirudi. Wiki ya kwanza ikapita, saa saba ikaja na kuondoka, mlango umenasa kimya. Rangi mpya ikapakwa. Jenifer alirudi nyumbani jioni akiimba. Luhende peke yake ndiye aliyekuwa halali vizuri. Alinunua kile kisanduku cha kijani kwa hiari yake, akakipeleka kiwandani.

"Bosi, nikiweke leo. Ni kazi ya nusu saa."

"Msimu umeshika kasi, fundi, siwezi kusimamisha chumba hata nusu saa," Kasmiri alisema. "Mwisho wa mwezi mkaguzi wa moto anakuja. Tutaweka kabla yake."

"Kama moto ukitangulia kabla ya mkaguzi?"

Kasmiri alitabasamu. "Tulishaombea hapa."

Luhende alirudi na kisanduku mkobani. Angeweza kwenda moja kwa moja ofisi ya zimamoto siku ile akasema yote. Alilifikiria jambo hilo njia nzima hadi nyumbani, kisha mteja wa Nyashimo akampigia simu.

Jumatano ya wiki ya tatu alikuwa Nyashimo, juu ya dari ya duka, simu ilipoita. Ilikuwa saa saba na dakika tatu.

"Shemeji." Jenifer alikuwa akikohoa. "Kuna moshi. Unatoka kwenye lile bomba la kuletea pamba. Mlango haufunguki."

Cheche ilikuwa imeruka kwenye msumeno wa mashine ya kuchambulia pamba, ikasafiri na pamba hadi chumbani, na sasa rundo lote lilikuwa linaungua kutoka ndani. Kengele ya moto ilikuwa inalia, Luhende aliisikia simuni. Haikuwa imeungwa na kitu chochote.

"Msimamizi yuko wapi?"

"Amekwenda kula. Madirisha yana nondo. Shemeji, tuvute wapi? Niambie tuvute wapi!"

Alijua kila parafujo ya ule mlango. Alitafuta akilini sehemu moja dhaifu, moja tu ambayo mikono mitupu ya wanawake ingeweza kuing'oa, na kila alipofika alikuta amepaziba mwenyewe, pale bomba, pale kifuniko cha chuma, pale betri nyuma ya mlango wa ofisi ambao ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda Maswa tangu asubuhi.

"Laleni chini," alisema. "Lowesheni khanga, mzibe pua. Nampigia mlinzi avunje ofisi. Usikate, Jenifer, naazima simu nyingine."

Kwa simu ya mwenye duka alimpata mlinzi, akamwelekeza betri ilipo. Sikio la pili lilikuwa bado na Jenifer.

"Shemeji," alisema Jenifer, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo na yenye tumaini. "Kuna mtu anagonga. Yuko nje. Anagonga sana."

"Ni mlinzi?"

"Anagonga kwa viganja." Akakohoa. "Mwambie tuko hapa. Mwambie asiondoke."

Luhende alikuwa akimsikia mlinzi kwenye simu nyingine akiipiga ofisi kwa shoka, mbali kule upande wa pili wa uwanja. Na kwa sikio la Jenifer alisikia vile viganja, vikipiga chuma haraka, haraka zaidi, viwili kwa pamoja, vikiomba kuingia mahali vilipofukuzwa, na wanawake ndani wakijibu kwa kugonga nao, pande mbili za mlango mmoja, huku sumaku ikishika kwa nguvu zake zote za kilo mia mbili na themanini kama ilivyofungwa na fundi hodari, mpaka kugonga kwa ndani kukaanza kupungua, mkono baada ya mkono, na kule kwa nje kukabaki peke yake.

Mlinzi aling'oa waya wa betri dakika ya tisa. Tisa walitolewa hai. Jenifer na Violeth, waliokuwa wamewasukuma wenzao wakae karibu na mwanya wa chini ya mlango, hawakutoka.

Mlinzi aliapa mbele ya polisi kwamba hakuna mtu aliyekaribia ule mlango. Lakini upande wa nje rangi mpya ilikuwa imejaa viganja vya masizi kuanzia juu hadi chini, na ndani, ng'ambo ya ule mstari wa msumari, hakikuwapo hata kimoja.

Baada ya mazishi, mke wa Luhende, Flora, dada yake Jenifer, hakumlaumu. Siku nne alilala kwenye kitanda cha mdogo wake. Siku ya tano Luhende alipanda pikipiki hadi kwa Generoza, akapiga magoti uani.

"Mrudishe, mayu. Mrudishe Ng'washi."

"Nilikwenda siku ileile nikang'oa msumari," Generoza alisema. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Hakuja. Alinijibu kwa mbali tu, kwamba amechoka kufungua mnapofunga."

"Kwa hiyo chumba ni kitupu?"

"Hapana." Alishusha sauti hadi Luhende akalazimika kumsogelea. "Wako wawili wapya. Hawa hawafungui. Hawa wanauliza nani alifunga."

Luhende alitoka pale, akaenda polisi kwanza. Alieleza kitufe alichokatazwa, betri aliyoiweka, bomba alilolifunga, na kisanduku kilichokaa mkobani wiki nzima. Hakuficha kitu wala hakujipunguzia. Waliandika kurasa sita, akatia saini, wakamwambia asitoke mkoani. Kisha akaenda kiwandani.

Ilikuwa mchana. Milembe alikuwa amekaa geti, hana ufagio. Alimwacha apite. Kuta za chumba zilikuwa nyeusi, mlango umelazwa chini. Luhende alisimama katikati ya majivu.

"Ni mimi," alisema. "Luhende wa Mayige. Mimi ndiye niliyefunga."

Kikaja kikohozi, karibu sana, nyuma ya sikio lake, kikohozi cha msichana anayejaribu kuvuta pumzi ya kusema. Alingoja. Hakugeuka.

"Tunajua," sauti ilisema. "Na aliyekutuma?"

Angeweza kunyamaza. Alikuwa amewahi kunyamaza mara nyingi katika jambo hili, na mara hii hakuweza.

"Kasmiri Ngassa," alisema. "Yuko Maswa, kwa kaka yake."

Joto likamwacha mgongoni.

Kesi bado inaendelea, na Luhende huhudhuria kila inapotajwa. Kasmiri yeye huletwa akiwa ameshikwa mkono na mkewe. Watu wa Maswa wanasema aliwaamuru mafundi waondoe milango yote ya nyumba ya kaka yake anamokaa, ya vyumba, ya choo, hata ya kabati, ikapangwa uani ikanyeshewa. Haikumsaidia. Kila siku saa saba husimama mbele ya nafasi iliyo wazi ya mlango, upepo wa nje ukimpiga usoni, na kuanza kuipiga hewa kwa viganja, kwanza pole pole, kisha kwa mikono yote miwili, akikohoa na kuomba afunguliwe. Mkewe humshika mkono na kumvusha kizingiti, kama unavyomvusha mtoto. Akishafika nje, hugeuka, huitazama ile nafasi tupu aliyopita, na kumuuliza mkewe kwa ile sauti yake ya upole, "Wale wawili, mbona hujawatoa?"